Betri Ikijaa, Nani Atajua?

Kwa miaka 47, redio nyingi za Kenya ziliongea kwa nguvu iliyotengenezwa Nakuru. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa mjini humo mwaka 1967, kikafungwa mwaka 2014 baada ya kulemewa na betri za bei nafuu kutoka nje. Mawe yake ya redio na tochi yalikuwa ya zinki na kaboni, hayachajiki. Yakichoka, watu waliyaanika juani yapate uhai wa taarifa ya habari ya jioni, kisha wakayatupa.

Betri ya kuchaji ilikuwa ya gari. Katika miaka ya 1980 na 1990, wakulima wa Molo, Njoro na Subukia walianza kununua runinga ndogo kabla nguzo za stima hazijawafikia. Inauma kukumbuka kwamba Olkaria, katika Bonde la Ufa lilo hilo, ilianza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka 1981, megawati 15 kwa mtambo wa kwanza. Mwenye runinga alipakia betri kwenye mkokoteni wa punda au juu ya matatu, akaipeleka sokoni penye umeme na kumwachia fundi hadi kesho yake.

Fundi huyo ndiye aliyeamua betri imetosheka. Alifungua vifuniko sita, kimoja kwa kila seli, akatazama asidi. Seli ikikaribia volti 2.4, umeme huanza kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na mapovu hupanda. Mwenye haidromita alifyonza asidi kidogo kwenye bomba la kioo na kusoma boya lililoelea ndani: uzito linganishi ukiwa karibu 1.265, imejaa. Moto haukuruhusiwa karibu, kwani haidrojeni hulipuka. Ilikuwa kazi ya subira, nayo subira hupungua foleni inaporefuka. Betri iliyotolewa mapema, ikarudi nyumbani nusu, hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake za risasi na kufa kabla ya wakati.

Kisha zikaja sola. Paneli za wati 12 au 14 zilienea vijijini miaka ya 1990, watu wakijinunulia wenyewe madukani, na wengi waliacha kidhibiti chaji ili kupunguza gharama. Ni rahisi kudhani betri hizo ziliharibiwa na chaji ya kupita kiasi. La, paneli ndogo namna hiyo kwa kawaida haikuweza hata kuijaza betri ya gari. Ziliuawa na njaa: runinga iliachwa ikiwaka hadi picha ikasinyaa, usiku baada ya usiku, bila kifaa cha kukata.

Simu ya mkononi ilileta betri ya lithiamu-ioni, ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991. Hii haitoi mapovu wala haifunguliwi kupimwa. Ikizidishiwa chaji, huvimba na inaweza kushika moto. Kwa hiyo uamuzi ulilazimika kuhamia kwenye chipu. Kwanza chipu hupitisha mkondo usiobadilika mpaka betri ifike volti 4.2. Hapo huishikilia volti hiyo, na mkondo unapungua wenyewe kadiri betri inavyojaa. Ukishuka hadi karibu sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, chipu inakata. Katika vibanda vya kuchaji simu kwa shilingi 20, chaja iliyochomekwa ukutani haikuamua lolote, maana chipu yenyewe ilikuwa ndani ya simu.

Hata hivyo chipu haiponyi betri iliyoundwa vibaya. Agosti 2007, Nokia iliwaonya wateja kuhusu betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita, kwamba zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchajiwa.

Leo kwenye meza za mafundi wa simu na taa za sola huonekana kibao kidogo cha chipu ya TP4056, ambayo hukata kwa kanuni iyo hiyo. Lakini kikinza (rezista) chake cha kiloomu 1.2 huruhusu ampea nzima, nyingi mno kwa seli ndogo. Fundi makini hukibandua na kuweka cha kiloomu 2.4, mkondo ukapungua kwa nusu, na chipu inakata kwenye sehemu ya kumi ya kiasi alichokichagua yeye.