Kofte ya Uturuki: sifa alipewa mfalme, wapishi wakasahauliwa

Aprili 28, 2018, akaunti rasmi ya nchi ya Uswidi katika mtandao wa Twita iliandika maneno machache yaliyozua kizaazaa kutoka Stockholm hadi Istanbul. Ilisema kwamba vitonge vya nyama ambavyo Waswidi hujivunia, na ambavyo dunia imevijua kupitia mikahawa ya maduka ya samani ya IKEA, asili yake ni Uturuki. Mapishi yake, ilisema, yaliletwa na Mfalme Karl wa 12 aliporejea kutoka huko mwanzoni mwa karne ya 18.

Magazeti ya Uturuki yaliipokea habari hiyo kwa vifijo. Uswidi kwenyewe wako waliocheka na wako waliokasirika. Mmoja wao alinukuliwa kote akilalamika kwamba kumbe maisha yake yote amekuwa akidanganywa. Kwa siku kadhaa watu wasiojuana walibishana juu ya nani hasa mwenye kitonge.

Kitonge chenyewe Waturuki hukiita kofte. Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja si kitu kigeni, kwa kuwa ni ndugu wa kababu ya nyama ya kusaga inayouzwa mwezi wa Ramadhani kila kona. Lakini ubishi ule wa 2018 ulianzia kwa mfalme ukaishia kwa mfalme. Anayeifuatilia historia ya kofte kwa makini atawakuta wafalme, ila wako pembeni. Walioibeba ni watumishi, wakimbizi na kina mama majumbani, na hao ndio wasiotajwa.

Ufundi wa kuponda nyama na kuifinyanga ni wa kale kuliko dola ya Osmania. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kimejaa vitonge vya nyama vinavyotiwa katika michuzi ya kila namna. Katika karne ya 15 tabibu Şirvani alikifasiri kitabu hicho kwa Kituruki na kukiongezea mapishi mengine. Baada ya Constantinople kutekwa mwaka 1453 yakaja majiko ya kasri la Topkapı, yale yaliyoungua mwaka 1574 na kujengwa upya na msanifu Sinan, ambayo mabomba yake ya moshi bado yanaonekana kutoka baharini. Habari za kasri zimeandikwa sana. Tugeukie Bender.

Bender ni mji ulio kando ya Mto Dniester, leo katika nchi ya Moldova. Katikati ya mwaka 1709 Karl wa 12 alishindwa vibaya na Warusi huko Poltava, akakimbilia katika himaya ya Sultani Ahmed wa Tatu akiwa na jeraha mguuni na mabaki ya jeshi lake. Alidhani atakaa wiki kadhaa. Alikaa miaka mitano na zaidi. Mwandishi Mfaransa Voltaire, aliyehojiana na watu waliokuwapo na kuchapisha kitabu juu ya mfalme huyo mwaka 1731, anasimulia kwamba Sultani alimkirimu kwa posho ya kila siku, fedha taslimu pamoja na kila kilichohitajiwa mezani. Wapishi, wachuuzi, wakopeshaji na askari wa pande zote mbili wakajazana kambini. Waswidi walijenga nyumba za mawe katika kijiji cha Varnitsa, nje kidogo ya Bender, wakaishi humo na kula vya nchi.

Mfalme mwenyewe hakuwa mtu wa kula. Hakunywa mvinyo, na mlo kwake ulikuwa jambo la dakika chache. Alichotaka ni Sultani ampe jeshi akapigane tena na Urusi. Sultani alipochoka kumlea alimpa fedha za safari, mifuko 1,200, ili aende zake. Karl akazipokea, akazitumia, kisha akaomba mifuko 1,000 mingine. Hapo subira ya wenyeji ikaisha. Ikatoka amri aondoke kwa hiari au kwa nguvu, na chakula kikakatwa.

Jibu la Karl lilikuwa la ajabu. Aliamuru farasi wazuri zaidi ya ishirini aliopewa zawadi na Sultani wapigwe risasi, akisema hataki vyakula vyao wala farasi wao. Watatari wa upande wa Sultani waliokuwa wameizingira kambi wakaila nyama ile kwa furaha. Wazee wa Yanisari, kikosi cha askari wa Sultani, waliompenda kwa ushujaa wake, walimwendea wakimsihi asijiangamize. Akawatumia salamu kwamba wasipoondoka atawakata ndevu. Februari 1713 maelfu ya Yanisari na Watatari wakashambulia. Karl akajifungia ndani ya nyumba akiwa na watu wachache, akapigana chumba hadi chumba, mpaka paa likatiwa moto. Alipotoka mbio kuelekea nyumba ya pili, miguu ilinaswa na njumu za buti zake, akaanguka, na Yanisari wakamrukia na kumbeba.

Waandishi wengi huishia hapo, kwenye moshi na panga. Maelezo yenye uzito kwa anayetafuta historia ya chakula yanakuja kurasa chache baadaye. Karl alihamishiwa Demotika, karibu na Edirne, na huko akalala kitandani miezi kumi akijifanya mgonjwa, kwa kuwa aliona ni aibu kusimama mbele ya maofisa wa Sultani. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimeporwa Bender. Waliokula naye walikuwa watatu tu, nao walijihudumia wenyewe. Na aliyepika kwa muda wote huo, anasema Voltaire, alikuwa Müllern, waziri wake mkuu wa mambo ya ikulu.

Waziri yule, mtu wa kalamu na muhuri, alisimama jikoni miezi kumi katika nchi ya kigeni akimpikia mfalme wake. Viungo alivinunua wapi kama si kwa wenyeji? Nani alimwonyesha namna ya kuwasha jiko lao na kukata nyama yao kama si jirani au mtumishi wa pale Demotika? Voltaire hakutaja hata chakula kimoja kilichotoka katika chungu kile. Lakini kama kuna Mswidi wa kushukuriwa kwa kitonge, basi ni huyo mpishi wa dharura na wenzake, na hasa huyo asiyejulikana jina aliyewafundisha.

Karl aliondoka mwaka 1714, akavuka Ulaya kwa farasi, akafika mji wa Stralsund, uliokuwa wa Uswidi, mwezi Novemba. Nyuma yake walifuata wadai wake, Waislamu, Wayahudi na Waarmenia, waliokwenda Uswidi kudai haki yao wakakaa miaka. Watu hao walilazimika kula, na walipika walichokijua. Sehemu ya deni ilikuja kulipwa katika miaka ya 1730 kwa meli ya kivita na bunduki, muda mrefu baada ya Karl kuuawa kwa risasi huko Norway, Novemba 30, 1718.

Je, karatasi zinasemaje? Kitabu cha mapishi cha Cajsa Warg, mwanamke aliyefanya kazi ya kusimamia majiko ya wakubwa wa Stockholm, kilitoka mwaka 1755 na ndani yake mna vitonge vya nyama. Katika toleo la 1765 mna pia dolma, nyama iliyofungwa katika majani, ambayo Waswidi wameigeuza kuwa ya kabichi na mpaka leo huiadhimisha kila Novemba 30. Kwa dolma, alama ya Uturuki haifichiki. Kwa kitonge, hakuna hati inayomtaja Karl, na nyama ya kupondwa ilijulikana Ulaya kabla yake. Kwa hiyo akaunti ile ya taifa ilitangaza kama ukweli jambo lisilo na hati. Ingesema dolma, isingepingika.

Uturuki nako kitabu cha kwanza cha mapishi kupigwa chapa kilitoka Istanbul mwaka 1844, kikiitwa Melceü't-Tabbâhîn, yaani kimbilio la wapishi. Mtunzi wake, Mehmed Kâmil, alikuwa mwalimu katika shule ya udaktari ya dola. Kitabu hicho kilitolewa wakati jiko la Uturuki linageuka. Nyanya, viazi na maharage, mazao ya bara la Amerika, yalikuwa yanaingia kidogo kidogo katika vyungu vya watu. Kofte ya İzmir, ile inayookwa pamoja na viazi katika mchuzi wa nyanya na kupewa wageni kama urithi wa mababu, haiwezi kuwa ya kale kupita hapo. Wala piyaz, saladi ya maharage meupe, ambayo leo Mturuki haoni kofte imekamilika bila hiyo.

Kisha wakaja wakimbizi. Vita vya Urusi na Uturuki vya 1877 na 1878 viliwang'oa Waislamu wengi kutoka Bulgaria na sehemu nyingine za Balkan. Wengi walipata makao mapya katika mkoa wa Bursa, na katika mji wa İnegöl wakaja na kofte yao: nyama ya ng'ombe na kondoo, kitunguu, chumvi na magadi kidogo, bila mkate, bila bizari. Inakandwa, inalazwa usiku kucha mahali pa baridi, kisha inachomwa juu ya mkaa vipande vya urefu wa kidole. Leo ni fahari ya Uturuki nzima. Tekirdağ, Akçaabat na Adapazarı zina za kwao, na Sultanahmet, katikati ya Istanbul, kuna mkahawa wa kofte uliofunguliwa mwaka 1920 na majirani kadhaa wanaogombea sifa ya jina hilohilo.

Kofte ya nyumbani, hata hivyo, si ya mkaa. Ni ya kikaango, na siri yake iko mikononi. Nyama ni ya ng'ombe iliyochanganywa na ya kondoo, yenye mafuta kiasi cha sehemu moja kwa tano, maana nyama kavu hutoa kitonge kigumu. Kitunguu hakikatwi, kinakwaruzwa kisha kinakamuliwa kwa kiganja, kwa sababu maji yake ndiyo yanayoivunja kofte kikaangoni. Mkate ni wa juzi, umesuguliwa ukawa chenga. Bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi, majani ya paseli. Halafu kukanda. Hapa ndipo wasiojua huharakisha. Mama wa Kituruki hukanda robo saa, mpaka nyama ibadilike rangi na ianze kung'ang'ania kiganja, ndipo huifunika na kuiacha saa moja au zaidi ipumzike. Vitonge hufinyangwa kwa mikono iliyolowa maji na kubonyezwa kidogo katikati ili viive sawasawa.

Pembeni, maharage meupe yaliyolala majini tangu jana huchemshwa yakaiva bila kupasuka. Kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba husuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue, kisha hunyunyiziwa sumaki, unga mwekundu wenye uchachu wa tunda la kichaka kinachoota huko. Siki, mafuta ya zeituni, yai la kuchemsha juu yake, piyaz imekamilika. Watu wa Antalya huongeza ufuta uliosagwa. Mtindi hukorogwa na tango, kitunguu saumu na nanaa. Wali hupikwa na tambi zilizokaangwa katika siagi mpaka zikawa kahawia, na baada ya kukauka maji sufuria hufunikwa kitambaa chini ya mfuniko ili mvuke usiurudie mchele. Pilipili mbichi ndefu huchomwa mpaka ngozi ijikunje.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia. Uturuki imesajili kofte za miji kadhaa, İnegöl na Akçaabat zikiwamo, ili jina lisitumiwe ovyo. Uuzaji wa çiğ köfte ya nyama mbichi madukani umepigwa marufuku, na sasa inayouzwa ni ya ngano na viungo. Kofte za kiwandani zilizogandishwa zimejaa kwenye majokofu ya maduka makubwa.

Usajili huo ni jambo jema, lakini unalinda mikahawa na wafanyabiashara. Kofte ya kikaango haina mji wa kuidai, kwa hiyo haina mlinzi. Familia nyingi za Kituruki bado zina daftari la mapishi lililoandikwa kwa mkono na bibi, kurasa zikiwa na madoa ya mafuta, vipimo vikiwa vya kikombe na kiganja. Mzee akifariki, daftari hutupwa pamoja na vyombo vyake vibovu. Maktaba na vyuo vikuu vya Uturuki, nchi ambayo imehifadhi hesabu za majiko ya masultani, vianze sasa kukusanya madaftari hayo, na majina ya wanawake walioyaandika yaandikwe juu yake.