Tarakimu Ishirini: Historia Fupi ya Walioandika Kanuni za Mita ya Tokeni

Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo matano ya Mto Tana yamepakana na nchi ya Wambeere, na kwa miaka mingi nyaya zake zilipita juu ya mashamba ya mtama na ndengu zikielekea Nairobi, huku chini yake watoto wakidurusu kwa koroboi. Stima ilipoanza kuingia kwa wingi katika maboma ya Siakago na vijiji vyake, hasa baada ya mpango wa Last Mile wa mwaka 2015 kushusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, wengi hawakupata kumjua yule karani wa kusoma mita aliyewatesa watu wa mjini kwa bili za kukisia. Walianza moja kwa moja na mita ya tokeni: unalipa kwanza, unapokea tarakimu 20 kwenye simu, unazibonyeza kwenye kiboksi cha ukutani, taa inawaka.

Tarakimu hizo 20 zina historia, na historia hiyo ni ya kamati. Najua neno hilo humfanya msomaji afunue ukurasa unaofuata. Lakini huko vikaoni, ambako watu walibishana kuhusu biti na majedwali, ndiko kulikoamuliwa ni lini mama muuza chai wa Siakago ataingiza tarakimu 60 badala ya 20. Kwa hiyo tuwakumbuke.

Mambo yalianzia Afrika Kusini, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Shirika la umeme la huko, Eskom, lilitaka kupeleka stima katika vitongoji na vijiji ambako kutuma bili lilikuwa jambo gumu: nyumba nyingi hazikuwa na anwani, wengi hawakuwa na akaunti ya benki, na kususia malipo kulikuwa silaha ya kisiasa dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Mita ya kulipia kabla ikaonekana kuwa jibu. Kasoro ilijitokeza mapema. Kila kiwanda kilitengeneza mita yake pamoja na mashine yake ya kuuzia, na mashine ya huyu haikuifahamu mita ya yule. Shirika likinunua mita za kampuni moja, limefungwa kwa kampuni hiyo: ikipandisha bei, utalipa, ikifilisika, una nyumba elfu kumi gizani. Kisha, mwaka 1994, serikali mpya iliahidi kuunganisha nyumba milioni 2.5 ifikapo mwaka 2000. Ahadi ya ukubwa huo haiwezi kutegemea mashine zisizoelewana.

Wahandisi wa Eskom, wa mabaraza ya miji na wa viwanda walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Kupitia mfululizo wa maelezo ya kiufundi ulioitwa NRS 009, waliandika kanuni moja ambayo mita yoyote na mashine yoyote ya kuuzia zingeifuata. Kanuni hiyo ikaitwa Standard Transfer Specification, kwa kifupi STS. Mwaka 1997 ikaundwa STS Association, shirika lisilo la kibiashara, ili liitunze kanuni hiyo, litoe vyeti kwa bidhaa zilizopimwa zikafaulu, na lisimamie funguo za siri zinazoifanya tokeni ya Siakago isiweze kutumika Runyenjes.

Ustadi wa kazi yao uko katika udogo wake. Mita waliyoiandikia haikuwa na laini ya simu wala intaneti. Haiwezi kuuliza makao makuu kama umelipa, na haiwezi kujibu. Inaamini tu kile inachobonyezewa. Tarakimu 20 hubeba biti 66, basi. Ndani ya nafasi hiyo finyu kikundi kilibana aina ya tokeni, kiasi cha umeme, namba ya kubahatisha kidogo ili tokeni mbili zisifanane, hesabu ya kukagua makosa, na utambulisho unaoonyesha tokeni ilitolewa dakika gani. Isipokuwa biti mbili za aina, vyote hivyo hufichwa kwa ufunguo ambao ni wa mita yako peke yake, uliokokotolewa kutokana na namba ya mita, kundi la mgavi na daraja la bei. Mita hukumbuka tokeni zisizopungua 50 za mwisho. Ndiyo maana ukirudia ya jana inakukatalia, na ukimpa jirani yako, yake pia inakataa.

Inafaa kueleza pia jambo ambalo hata mafundi wengi hulipita. Zipo tokeni zisizobeba umeme. Baadhi huiamuru mita ijipime yenyewe: iwashe kioo chake, ijaribu swichi yake, ionyeshe toleo la programu au namba ya ufunguo inaotumia. Tokeni za aina hiyo hazifungwi na mita moja, kwa hiyo fundi anaweza kubeba karatasi moja akapima mita za kiwanda chochote. Walioandika kanuni walitaka kila kifaa kiweze kupimwa pale kilipo, juu ya nguzo au nyuma ya mlango, bila kufunguliwa.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kupima mnyororo mzima. Mita inaweza kufaulu vizuri maabarani. Kisanduku cha usalama kinachotengeneza tokeni nacho kikafaulu. Viunganishe, uweke katikati kompyuta ya kuuzia, wakala, ujumbe wa simu na kidole cha mtu, na kitu kinakwama bila mhusika mmoja wa kulaumiwa. Wahandisi wa vifaa vya kielektroniki kote duniani wameonja uchungu huu. Mwaka 1985 huko Ulaya kilianzishwa kikundi kilichokuja kuitwa JTAG, nacho kikabuni njia ya kupima viungo vya bodi ya umeme kutoka ndani ya chipu zenyewe. Mwaka 1990 njia hiyo ikawa kiwango cha IEEE 1149.1, na leo mafundi wa simu huitumia kufufua simu iliyokufa. Lakini kiwango hicho kilikuwa cha bodi moja. Miaka mingi baadaye wataalamu bado walikuwa wanakutana kuandika namna ya kupima mfumo uliojaa bodi nyingi, na kazi yao ilipewa namba P2654. Mfumo una hila ambazo sehemu zake hazina.

Wa STS walilikabili hilo kwa karatasi. Waliandika ni kifaa gani kinawajibika kwa kipi, wakaandaa majaribio yenye majibu yaliyojulikana kabla: ukiweka namba hii na ufunguo huu, lazima zitoke tarakimu hizi, si nyingine. Kiwanda cha China na maabara ya Afrika Kusini vinaweza kufanya jaribio lile lile bila kuonana. Tume ya Kimataifa ya Ufundi-Umeme, IEC, ilipoipokea kazi hii katika kamati yake ya 13 kupitia kikundi cha kazi namba 15, ilitanguliza waraka wa mwaka 2005 unaochora mfumo mzima na majukumu ya kila sehemu. Kiwango chenyewe, IEC 62055-41, kilitoka mwaka 2007, kikapitiwa upya mwaka 2014 na tena mwaka 2018. Si kawaida kanuni iliyozaliwa kusini mwa Afrika kwa ajili ya vitongoji maskini kupigiwa kura Geneva na kuwa ya dunia. Leo mita za STS ni makumi ya mamilioni, Afrika, Asia na kwingineko.

Nina lawama moja, na nitaitoa hata kama tunasherehekea. Kanuni ni wazi kwa wote, lakini waraka wake unauzwa kwa mamia ya faranga za Uswisi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi Embu anayetaka kujua mita ya mama yake inavyofikiri hana pa kuusoma kwa urahisi.

Kwetu Kenya, mita za tokeni zilianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 2000, wakati M-PESA, iliyozinduliwa mwaka 2007, ilikuwa imeanza kuzoeleka. Ndoa hiyo haikupangwa na kamati yoyote. Waandishi wa STS walimwazia mteja anayekwenda dukani na kurudi na kadi ya sumaku au kipande cha karatasi. Hawakumwazia mtu aliyekaa Ishiara akimnunulia stima nyanya yake aliye Siakago kupitia namba ya malipo 888880, kisha akamsomea tarakimu kwa simu, nne nne. Hata hivyo kanuni ilihimili, kwa sababu haikujali tokeni inasafiri kwa njia gani mradi zile tarakimu 20 zifike salama.

Sasa tuje kwenye dakika. Tokeni hubeba muda wake katika biti 24, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 huhesabu dakika 16,777,216 tu. Piga hesabu uone zinakoishia: 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita, ikiona tokeni mpya yenye tarehe ya kale, itaikataa kama imekwisha kutumika. Ulikuwa uzembe? Sidhani. Kila biti iliyoongezwa kwenye muda ingeondolewa kwenye kitu kingine au ingemlazimu mteja kubonyeza tarakimu zaidi kila anaponunua. Miaka 31 ilionekana mingi kwa mita ambayo hakuna aliyetarajia ifikishe 20.

Waliandika pia mlango wa kutokea. Ufunguo wa mita unaweza kubadilishwa kwa tokeni mbili maalumu, na tokeni hizo zinaweza pia kuifutia mita kumbukumbu yake ya zamani. Kiwango kilitaja tarehe mpya za kuanzia hesabu: 2014, na baada yake 2035. Maana yake ni kwamba mashirika ya umeme yalikuwa na miaka kumi ya kufanya kazi hiyo polepole. Mengi hayakuitumia. Kenya Power ilianza kampeni yake kwa wateja wote mwaka 2024, miezi michache kabla ya siku yenyewe, kwa jina la Update Token Meter Yako. Eskom, waliokuwako tangu mwanzo wa hadithi, walifika siku ya mwisho wakiwa na zaidi ya mita milioni moja ambazo hazijabadilishwa. Kamati ilitimiza wajibu wake. Waliolala ni wenye ofisi.

Siakago, mambo yalikuwa rahisi kuliko uvumi. Ulinunua tokeni kama kawaida, ujumbe ukaja na mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo, la tatu umeme wako. Ilibidi yaingizwe kwa mpangilio wake, ya kwanza kwanza. Waliosumbuka zaidi ni waliorithi nyumba ambayo kiboksi chake cha namba kilikwisha kupotea, mita ikiwa juu ya nguzo, au wapangaji ambao mwenye nyumba ndiye mwenye laini iliyosajiliwa. Vijana waliojua kubonyeza haraka walipata chai ya bure kwa majuma kadhaa.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida ambayo haikutangazwa sana huku kwetu. Afrika Kusini ilikuwa imesumbuliwa kwa miaka na tokeni za wizi: mashine za zamani za kuuzia, zilizofanya kazi bila kuunganishwa na makao makuu, ziliibwa pamoja na funguo zilizokuwa ndani yake, na wezi wakauza umeme wa shirika kwa bei ya kutupa. Mita ilizikubali tokeni hizo kwa sababu kihesabu zilikuwa halali. Ufunguo mpya ulipoingia, mashine hizo zikabaki vyuma.

Kikundi cha STS hakijavunjwa. Mita mpya zinaweza kuwasiliana pande mbili, kujisoma na kupokea tokeni bila mtu kubonyeza kitu, na waraka unaooanisha STS na lugha ya mita hizo ni sehemu ya kazi inayoendelea. Lakini mita za kubonyeza zitakuwa nasi muda mrefu, hasa mahali ambapo mtandao hupotea mvua ikinyesha. Kwa mita hizo zilizohamishiwa hesabu ya mwaka 2014, dakika zitaisha tena tarehe 24 Novemba 2045. Kuanzia mwaka 2035 kazi ya kubadilisha inaweza kuanza, na maelekezo yake yamekwisha kuchapishwa.