Neno "kundi": kutoka zizini hadi mitaani Mombasa

Watahiniwa wengi hulijua neno "kundi" kama jibu la swali la nomino za makundi: kundi la ng'ombe, bumba la nyuki, thurea ya nyota. Wakishalikariri, huliacha hapo. Hata hivyo, historia ya Mombasa upande wa bara yaonyesha kuwa neno hili lina mengi zaidi.

Maana yake ya msingi ni wanyama walio pamoja, hasa mifugo. Kutoka zizini liliingia kanisani. Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town, huko Kisauni, kuwa makazi ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyozaa jina Kengeleni. Katika Kiswahili cha Biblia, waumini ni kundi na kiongozi wao ni mchungaji. Sitiari hii ni ya upole, kwani kondoo akipotea hutafutwa.

Wachangamwe nao hawakujitambulisha kwa neno hili. Pamoja na Wakilindini na Watangana waliunda Thelatha Taifa, miongoni mwa mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa. Taifa lina jina, wazee na nasaba. Kundi halihitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa ndipo penye uzito. Tangu machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, "kundi la vijana" limesikika sana katika habari za usalama. Linganisha sentensi hizi:

(a) Vijana wamekamatwa.
(b) Kundi la vijana limekamatwa.

Katika (a) upatanisho ni wa A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai. Katika (b) kitenzi kimefuata LI-YA, na vijana wamebaki kuwa kijalizo cha "kundi". Sarufi ni sahihi, lakini aliyekuwa akipita njia tu amebebwa pamoja na wengine.

Aidha, huko huko Likoni "kikundi cha akina mama" humaanisha watu wanaojuana, wanaoweka akiba na kuaminiana. Kiambishi ki- hapa hakidunishi.

Kwa hivyo, mwalimu asitosheke na orodha. Mtahiniwa anapokutana na "kundi" katika riwaya au tamthilia, na ajiulize: ni nani anayesema, anawasema akina nani, na je, wenyewe wangejiita hivyo?