Kwa nini herufi hubadilika katika faili la PDF

KATIKA steshenari za Mbagala na Tandika wilayani Temeke, au za Mwenge na Tegeta wilayani Kinondoni, si jambo geni mteja kuleta barua ya maombi ya kazi ikiwa katika faili la PDF, kisha akakabidhiwa karatasi yenye herufi zilizobanana, huku alama iliyo katikati ya jina Chang'ombe ikiwa imegeuka kisanduku kitupu. Fedha ya kuchapisha imekwenda, na siku ya mwisho ya kupokea maombi haisogezwi.

Wengi huamini kuwa PDF haibadiliki. Hilo ni kweli kwa sharti moja. Mfumo huo, uliotolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, huhifadhi mahali pa kila herufi katika ukurasa, lakini umbo la herufi hutoka katika fonti. Fonti isipopachikwa ndani ya faili, kompyuta inayolifungua hutumia nyingine inayokaribiana nayo. Hapo ndipo herufi hubanana, kuachana au kukosekana kabisa.

Hitilafu hiyo hutokea katika moja ya hatua tatu.

Ya kwanza ni wakati wa kutengeneza faili. Kompyuta isiyo na fonti iliyotumika kuandika huweka nyingine. Mistari huhama na barua ya ukurasa mmoja huwa ya kurasa mbili. Programu huria, ambazo Dar es Salaam ilizifahamu kupitia Jambo OpenOffice ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004, aghalabu hutumia Carlito badala ya Calibri, na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Fonti hizo zina upana sawa na zile zinazozibadili, hivyo mistari haihami.

Ya pili ni wakati wa kulifungua. Katika Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, kisha chagua sehemu ya Fonts. Kila fonti inapaswa kufuatwa na neno Embedded au Embedded Subset. Lisipokuwepo, fonti hiyo haimo ndani ya faili.

Ya tatu ni printa. Ikiwa skrini inaonyesha sawasawa lakini karatasi inakosea, mhudumu aingie sehemu ya Advanced katika dirisha la kuchapisha na kuchagua Print As Image. Njia hiyo haisaidii iwapo kosa limekwisha kuonekana kwenye skrini.

Tiba ya kosa la hatua ya pili ni kurudi katika hati ya awali na kuihifadhi upya kwa kuchagua PDF/A. Kiwango hicho cha kimataifa, kilichotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, hulazimisha fonti zote zipachikwe. Chaguo hilo limo katika Microsoft Word na LibreOffice.

Kwa hiyo, anayekwenda steshenari abebe pia hati ya awali katika flashi, na aombe kuliona faili kwenye skrini kabla ya kuruhusu lichapishwe.