Yanaingia kwa Mradi, Yanatoka kwa Fundi

Tarehe 6 Juni 2022, Ikulu ya Chamwino, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji unaojulikana kama Miji 28. Fedha zake, dola milioni 500 za Marekani, ni mkopo wa Benki ya Exim ya India, na katika orodha ya miji hiyo zimo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Historia ya maji safi huandikwa hivyo: ina tarehe, ina mfadhili, ina jiwe la msingi. Maji hayohayo yakishapita jikoni na bafuni hutoweka kwenye kumbukumbu. Anayejua yalikoelekea ni fundi wa kuzibua mabomba, mwenye nondo begani, tena hujua siku yanapokataa kwenda.

Kwa Handeni usahaulifu huo una sababu. Uzigua, ambako Handeni ipo, ni nchi ya mvua za kubahatisha. Katikati ya miaka ya 1890 ukame na nzige viliiletea njaa kubwa. Maji yalichotwa malamboni na visimani, yakabebwa kichwani mwendo mrefu, na ndoo iliyopatikana kwa taabu hiyo haimwagwi ovyo. Yaliyooshea mboga yaliloweka vyombo, yaliyofulia yalinyunyizwa uani kutuliza vumbi, na ya bafu la makuti yaliishia kwenye shina la mgomba au mpapai uliopandwa nyuma yake kwa makusudi. Hapakuwa na cha kuziba. Bomba kuu la Handeni, maarufu kwa kifupi cha HTM, lilijengwa miaka ya 1970 ili kuvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyafikisha mjini Handeni. Hata hapo, kwa kaya nyingi bomba lilikuwa gati la mtaani, na maji yaliingia nyumbani ndani ya ndoo kama zamani.

Pwani mambo yalikuwa tofauti, na tangu kale. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yana vyoo vya mawe na mashimo ya kupokea maji ya kuogea, katika mji uliokwisha kuhamwa kufikia karne ya 17. Ufundi huo ulishikamana na nyumba za mawe, na nyumba za mawe hazikupanda bara.

Kilichopanda bara ni reli. Kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Ndiyo maana mitaro mikubwa ya maji machafu katika wilaya ya Korogwe ilikuwa ya viwanda kabla ya kuwa ya nyumba. Mashine ya korona hukwangua jani na kuacha singa ambayo ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wake. Yanayobaki ni ute, maganda na maji ya kuoshea, ambayo hufika mita za ujazo 100 kwa tani moja ya singa. Yote yalisukumwa mitaroni, na mitaro ikaelekea mtoni. Mtaro ukijaa makapi, korona nayo husimama, kwa hiyo kibarua mwenye koleo alikuwa mtu wa lazima kiwandani. Uchafu huo ulikuja kupewa kazi baadaye sana: mwishoni mwa miaka ya 2000, shambani Hale, kampuni ya Katani ilianza kuutumia kuzalisha gesi na umeme, kwa mtambo wa kilowati 150.

Majumbani teknolojia iliyoenea ilikuwa shimo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo. Choo cha shimo kina sifa moja isiyosemwa sana: hakizibi. Hujaa tu, na kikijaa huchimbwa kingine pembeni, ilimradi kiwanja kipo.

Karo ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni Ufaransa, kwa Jean-Louis Mouras, aliyelipatia hati miliki mwaka 1881 baada ya kuona kwamba kinyesi kilichofungiwa ndani ya maji huyeyuka sehemu kubwa, kikaacha tope chini na maji ya kutiririka juu. Maji hayo huingia shimo la pili, yaani sokapiti, na kunywewa na ardhi. Ni chombo kizuri mradi kila kilicho kati yake na sinki kiwe wazi. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Likilazwa karibu sawa, uchafu hukaa, na likisimamishwa mno, maji hukimbia yakauacha nyuma. Nyumba nyingi za miji hii zimejengwa kidogokidogo, chumba baada ya chumba, na kila chumba kipya kimeunganishwa kwenye bomba la zamani kwa kona ambayo haikuwamo katika ramani yoyote.

Visababishi anavyovitoa fundi humo ni vya kawaida mno: mafuta ya kupikia yaliyoganda, mchanga na majivu ya kusugulia sufuria, nywele, wali, nepi, na mizizi ya miti iliyofuata unyevu mpaka kwenye kiungio chenye ufa. Kwa mafuta yupo anayemimina kostiki soda, ambayo huyageuza sabuni hukohuko ndani. Wenye busara huitumia kidogo, kwa sababu huchoma ngozi na huua vijidudu ambavyo karo linavitegemea.

Uzembe hapa una gharama ya kiafya ambayo mkoa wa Tanga unaijua vizuri. Mbu wa kuleksi, anayeeneza matende na mabusha, hupenda kuzaliana katika maji machafu yaliyotuama, kwenye karo lisilofunikwa na mtaro usiokwenda. Kati ya 1988 na 1996, Tanga na Dar es Salaam ziliendesha mradi wa kudhibiti malaria mijini kwa msaada wa Japani, na sehemu ya kazi ilikuwa kuzibua na kusafisha mitaro. Miaka hiyohiyo, Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chenga za polistirini juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zikaelea zikafunika, na viluwiluwi vikakosa pa kupumulia.

Jijini Dar es Salaam kazi ya kutapisha vyoo ina hata jina la mtaani: wanaoingia shimoni huitwa vyura. Mradi wa MAPET ulijaribu kuwatoa humo kwa pampu ya mkono kuanzia 1988. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 nayo imeunganisha maji na usafi katika jina lake, ingawa bajeti za miradi huonyesha wazi lipi ni kaka na lipi ni mdogo.

Hesabu ya miaka ijayo ni rahisi. Kwa mradi wa Miji 28, karo lililochimbwa Handeni enzi za ndoo litapokea maji ya bomba lisilokatika, na sokapiti iliyokunywa lita chache kwa siku itapewa mamia. Fundi mzuri huliona hilo mapema. Haanzi na sinki linalolalamikiwa. Hufunua kwanza chemba ya mwisho ya kukagulia bomba, iliyo karibu na karo. Akiikuta kavu, kizuizi kiko juu yake, na nondo itakifikia. Akiikuta imejaa hadi shingoni, huweka nondo chini na kumwambia mwenye nyumba aite gari la kunyonya.