Vitabu vya Mudimbe vimerudi Lubumbashi

LUENA, Haut-Lomami – Padri Placide Tempels alipotoa kitabu La philosophie bantoue huko Élisabethville mwaka 1945, alieleza fikra za Waluba, lakini kalamu ilikuwa yake. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alivihoji vitabu vya namna hiyo katika The Invention of Africa (1988). Kabla ya kufariki Marekani Aprili 2025, alitoa maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Vitabu vya mtu vikikaa pamoja huonyesha alisoma nini. Alichoandika pembezoni huonyesha alikubali wapi na alikataa wapi. Vikitawanyika, ushahidi huo umepotea. Hata huku Luena, familia iliyoachiwa vitabu na mwalimu au katekista marehemu iandike kwanza orodha na kusoma pembezoni, kabla ya kuviuza kimoja kimoja.