Mawese ya Rumonge: Vitisho na Fursa katika Mazingira ya Nje ya Biashara, 1972–2007

Uchambuzi wa mazingira ya nje ya kampuni kwa kawaida huorodhesha vitisho upande mmoja na fursa upande wa pili. Historia ya mawese ya Rumonge inaonyesha upungufu wa mgawanyo huo: lililokuwa fursa kwa kizazi kimoja cha wazalishaji liligeuka tishio kwa kizazi kilichofuata.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza wakazi wengi wa uwanda huo hadi Tanzania. Ardhi waliyoiacha waligawiwa wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika miradi ya michikichi. Mashamba yalipatikana, lakini gharama yake iliahirishwa tu. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurejeshewa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya kushughulikia migogoro ya ardhi.

Soko nalo lilipitia mabadiliko. Vikwazo vya nchi jirani, vilivyofuata mapinduzi ya Julai 1996, vilibana biashara hadi Januari 1999. Kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kulipanua soko, kwa wazalishaji wa Rumonge na kwa washindani wao vilevile.

Kwa hiyo, anayetathmini kiwanda cha mafuta au sabuni kinachotegemea mawese ya Rumonge hana budi kuchunguza historia ya shamba kabla ya bei ya soko. Malighafi inayotoka katika ardhi yenye mgogoro haina uhakika, hata soko likiwa wazi.